Mrija wa Chifu Emase

Hebu fikiria chungu kikubwa katikati ya uwanja, kimejaa pombe ya ulezi yenye joto, na wazee wameketi kukizunguka. Kila mzee ameshika mrija wa tete mrefu kuliko yeye mwenyewe, ncha moja mdomoni, nyingine imezama chunguni. Wanakunywa taratibu, wanaongea, wanataniana. Na juu ya maongezi yote unasikika mrija mmoja ukikoroma.

Huo ulikuwa mrija wa Chifu Emase.

Aliurithi kwa baba yake. Hakuwahi kuuosha ndani, maana aliamini kuuosha ni kuondoa baraka za marehemu. Alipovuta, ulikoroma hadi ng'ombe zizini wakageuza vichwa, na wazee wakasema, "Sikieni kifua cha mwanamume." Katika nchi ile mrija unaokoroma ulikuwa heshima. Ulionyamaza ulikuwa wa wanyonge.

Kwa hiyo masikio yake yalipoanza kudunda kila alipolaza kichwa, Emase hakuogopa. Alimwambia mkewe, Apolot, "Siku hizi damu yangu inapiga ngoma. Ni nguvu hizo."

Apolot hakuona nguvu. Aliona mumewe akishika ukuta kila anapoinuka. Tena alikumbuka kwamba baba mkwe wake naye alilalamika masikio yanadunda, kisha siku moja akaanguka kando ya chungu na hakuinuka tena. Akatuma mtu amwite Asekenye, mtoto wa dada yake Emase, aliyekuwa daktari mjini.

Asekenye akaja, akampima mjomba wake, akapima tena.

"Mjomba, una presha, na imepanda sana. Moyo wako unasukuma damu kwenye mishipa iliyobana. Ukiuacha hivyo utaanguka kama babu. Nimekuletea dawa."

"Nani kakwambia naumwa?"

"Kipimo."

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kunifinya mkono? Njoo jioni unisikie kwenye chungu. Mgonjwa hawezi kukoromesha mrija namna ile."

Apolot aliinamisha kichwa. Alijua mumewe akishasema jambo, halirudi nyuma. Lakini Asekenye alikuwa ameutazama ule mrija uliosimamishwa pembeni ya mlango, na hakubishana.

Jioni, wazee walipokuwa wamekaa, Asekenye akapiga magoti mbele yao.

"Mjomba, nina ombi. Ushindane na mtu mmoja kunywa. Ukishinda, narudi mjini na dawa zangu. Ukishindwa, utanisikiliza."

"Nishindane na nani?"

"Na mkeo, Apolot."

Wazee waliangua kicheko. Mzee Okisai, rafiki wa Emase tangu utotoni, alicheka hadi akajifuta machozi. "Chifu, mwonee huruma. Ukimshinda sana, kesho utapikiwa na nani?"

Asekenye akaleta vibuyu viwili vinavyolingana, akavijaza maji ya kisima. "Ni maji tu," akasema, "asije mtu akasingizia ulevi." Kisha akampa Apolot mrija mpya wa tete, ambao kwa nje ulikuwa na unene uleule wa mrija wa chifu.

Apolot akaupokea. Hakuwa ameambiwa lolote. Akishindwa, mumewe hatagusa dawa maisha yake yote. Akishinda, atakuwa amemwaibisha mbele ya wazee wote. Akaona heri mume mwenye aibu kuliko mume aliyezikwa. Akainama, akavuta.

Mrija wa Emase ulianza kukoroma mara moja, na wazee wakapiga makofi. Wa Apolot haukutoa sauti yoyote.

"Mama amesinzia?" Okisai akauliza.

Hata Apolot mwenyewe alidhani hanywi kitu, kwa jinsi maji yalivyopanda bila taabu. Mara mdomo wake ukavuta hewa tupu. Akadhani mrija umechomoka, akachungulia.

Kibuyu kilikuwa kitupu.

Emase alikuwa bado anavuta, jasho linamtiririka, mishipa ya shingo imemtoka. Kibuyu chake kilikuwa hakijafika nusu.

"Hicho chako kimetoboka," akamwambia mkewe akihema.

Wakakipindua, wakakikagua. Hakikuwa na tundu, na ardhi chini yake ilikuwa kavu.

"Basi badilishaneni mirija," Asekenye akasema, akavijaza vibuyu tena.

Emase alipovuta mrija wa mkewe, maji yalimjia kwa wingi hata akapaliwa. Apolot naye alivuta ule wa chifu hadi mashavu yakauma, akapata tone moja moja pamoja na kelele nyingi.

Chifu akauchukua mrija wake. Kisha akaomba kisu, na kwa mikono yake mwenyewe akaupasua mrija wa baba yake. Ndani kulikuwa na machicha ya ulezi yaliyoganda tabaka kwa tabaka, meusi, magumu. Katikati pamebaki kitundu ambacho hata unyasi ungepita kwa shida.

"Kumbe miaka yote tulikuwa tunasifu uchafu," Okisai akasema polepole.

Asekenye akasogea karibu na mjomba wake. "Maji yakipata nafasi kwenye mrija, huenda kwa utaratibu. Ya katikati hutangulia, ya pembeni hujikokota, wala hayagombani. Ndiyo maana hunyamaza. Yakibanwa, hukimbia, hugongana, huzunguka. Ule mkoromo ulikuwa ugomvi wa maji. Na tundu likipungua likawa nusu ya upana wake, nguvu ya kupitisha maji yaleyale haiongezeki mara mbili tu. Inafika mara kumi na sita."

"Mara kumi na sita," Emase akarudia. Akaweka kiganja kifuani. "Na humu ndani?"

"Nipe mkono usikilize mwenyewe."

Akamfunga mkanda wa kipimo juu ya kiwiko, akamtia kifaa cha kusikilizia masikioni, akapuliza mkanda mpaka ukabana.

"Sisikii kitu," Emase akasema.

"Nimeufunga mlango. Sasa naufungua kidogo kidogo."

Emase akashtuka. "Kuna mtu anagonga."

"Ni damu inapenya kwa nguvu mahali nilipobana. Na imeanza kugonga mapema, mshale wa kipimo ungali juu sana. Kwako moyo unasukuma kupita kiasi."

Mlio ukaendelea, ukafifia, ukatoweka. Emase akamkodolea macho mpwa wake. "Imenyamaza. Ndiyo nimekufa?"

Asekenye akatabasamu. "Hapana, Mjomba. Hapo damu imepata njia."

Chifu alibaki ameketi na kile kifaa masikioni. Kwa mara ya kwanza aliwaza juu ya kiumbe kile kidogo kifuani mwake, kilichokuwa kikivuta kwenye mrija mbovu usiku na mchana, bila makofi na bila mtu wa kukiambia pole. Macho yake yakalowa.

"Mfunge mkanda Apolot naye," akasema. "Nataka kuusikia moyo wake pia."

Akasikiliza mkono wa mkewe tangu ukimya wa kwanza mpaka ukimya wa mwisho. Kisha akavua kifaa, akakinga kiganja.

"Dawa iko wapi?"

Apolot ndiye aliyemletea maji.

Funzo: Tusipime nguvu kwa kelele, wala tusidhani kinachonyamaza hakifanyi kazi. Moyo wako umekutumikia tangu kabla hujazaliwa, na haujawahi kudai sifa. Ukisahau mengine yote katika hadithi hii, tafadhali kumbuka hili moja: nenda ukapime presha ungali unajiona mzima.