Mgeni wa Jumapili Saba

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Naam, sasa tunaelewana. Zamani hizo, kabla babu zenu hawajaota ndevu, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na kanisa, na kanisani palikuwa na Bibi Nakunda. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi. Mawe ya msingi wa kanisa lile aliyabeba yeye kichwani, enzi za usichana wake, kutoka mtoni mpaka kilimani. Hakumwogopa mtu.

Mchungaji wao aliitwa Zefania. Mtu mzuri, msimseme vibaya. Tatizo lake lilikuwa moja. Kila mwisho wa mwaka Askofu alikuja, na Askofu alikuwa na swali moja tu: "Wapya wangapi?" Swali hilo lilimkosesha Zefania usingizi mwaka mzima.

Basi akachukua sadaka yote ya mavuno, akanunua tarumbeta. Papara-paa! Akanunua na sufuria kubwa, mchele na nyama. Pilau ya wageni. Ya wageni tu, jamani! Mwenyeji akinusa, ameze mate aende zake.

Kila Jumapili ikawa hivyo. Papara-paa! "Mgeni, simama!" Makofi, pa-pa-pa! Karani Tobia anaandika jina. Sahani hii hapa, kula na wanao. Jumapili ya pili wewe si mgeni tena. Hupewi sahani, unapitishiwa kapu la sadaka.

Sasa, katika kijiji kile aliishi mjane mmoja, Naetwe. Watoto watatu, shamba dogo, mvua hakuna. Alikuwa muumini wa kanisa lile lile, na mumewe alizikwa pale pale nyuma ya ukuta. Lakini sufuria ilikuwa ya wageni. Watoto walilia njaa Jumatatu, wakalia Jumanne, ilipofika Ijumaa hawakuwa na nguvu ya kulia. Naetwe akapiga moyo konde.

Jumapili akajifunga kanga mpaka puani. Papara-paa! "Mgeni, simama!" Akasimama.

"Jina?"

"Raheli."

Pa-pa-pa! Sahani hii hapa.

Jumapili ya pili akaja anachechemea, pole pole, tii, tii, tii. "Jina?" "Dorika." Pa-pa-pa! Sahani hii hapa.

Jumapili ya tatu akafunga jicho moja kitambaa. "Jina?" "Prisila." Pa-pa-pa! Sahani hii hapa.

Mnacheka? Chekeni. Mtaniuliza, kijiji kidogo hivyo, mbona hawakumtambua? Jamani, Tobia alitazama daftari, mpishi alitazama upawa, mchungaji alitazama idadi. Uso wa yule mama nani aliutazama?

Jumapili ya saba Tobia akainama, akamshika kidevu binti mdogo wa Naetwe.

"Mama yako anaitwa nani, mwanangu?"

Mtoto akafikiri. "Leo, au Jumapili iliyopita?"

Weee! Kanga ikavutwa, uso ukaonekana. Tobia akapiga kelele, "Mchungaji! Wapya wetu saba ni mtu mmoja! Tena ni wa hapa hapa!"

Zefania macho yakamtoka pima. "Umetudanganya mbele ya madhabahu," alisema. "Jumapili ijayo utasimama mbele ya watu wote, nitakutenga na kanisa. Na sahani usiguse tena."

Naetwe akawashika watoto mikono, akaondoka. Wiki ile walikula majani ya maboga bila chumvi, na yeye hakula kabisa.

Bibi Nakunda akamwendea mchungaji nyumbani. "Zefania mwanangu, yule mama ana njaa."

"Bibi, shikamoo. Utaratibu ni utaratibu."

"Marahaba. Haya," Bibi akasema, akaenda zake.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, maana watu tunapenda kuona mwenzetu akiaibishwa, tusidanganyane. Naetwe alikaa benchi la mbele na wanawe, ameinamisha kichwa. Papara-paa! "Mgeni, simama!"

Akasimama Bibi Nakunda.

Watu wakaangua kicheko. Tobia akasema, "Bibi, kaa. Wameitwa wageni."

"Nimesikia. Niandike."

"Bibi, si wewe uliyebeba mawe ya msingi huu?"

"Niliyabeba. Na tangu niyabebe, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Mgeni mnamwuliza. Basi leo na mimi ni mgeni."

Kicheko kikakatika. Kwaa! Benchi la nyuma likasogea, akasimama mzee wa mguu mbaya. "Niandike na mimi." Kwaa! Akasimama mama wa mapacha. Kwaa! Kwaa! Kwaa! Nusu ya kanisa ikawa imesimama. Mpiga tarumbeta naye akaliweka chini. "Samahani, mchungaji," alisema. "Napuliza tangu alfajiri na tumbo tupu."

Bibi akawageukia watu. "Na mimi nina kosa. Huyu mjane nilimtambua Jumapili ya kwanza. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu mama ana vituko. Sikumfuata kumwuliza ana nini. Naona aibu."

Zefania akashuka madhabahuni. Akasimama mbele ya mjane, hajui pa kuweka mikono.

"Mumeo nilimzika mimi," alisema.

"Ndiyo, mchungaji. Ukaniambia mbele ya kaburi, kuanzia leo shida yako ni shida yetu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nikakusubiri."

Loo! Mchungaji alilia, tena kwa sauti, mbele ya watu wote. Kisha akachukua sahani mwenyewe, akapakua, akampelekea. "Naetwe," alisema, "nisamehe. Kula, Naetwe."

Naetwe naye akalia. Baadaye alisema hakulilia pilau. Alililia kuitwa jina lake, kwani tangu msiba hakuna mtu pale kanisani aliyelitaja.

Siku ile pilau haikutosha. Waliokuwa na ndizi wakakimbilia ndizi, waliokuwa na maharage wakaleta maharage. Tarumbeta likauzwa kijiji cha pili, mahindi yakanunuliwa. Mwisho wa mwaka Askofu akaja, akaambiwa mpya hakuna hata mmoja, akaondoka bila kunywa chai. Zefania alisononeka siku mbili. Siku ya tatu akachukua jembe, akaenda kulima shamba la Naetwe.

Upawa alikabidhiwa nani? Naetwe. Na alikuwa na desturi yake. Mtu akileta sahani, awe mgeni, awe mwenyeji, kwanza anatazamwa usoni, anaulizwa jina. Naetwe analirudia. Ndipo anapakua.

Bibi Nakunda alishatutoka siku nyingi, na bado tunamtaja. Nami nawaambia: kabla hujapanda mlima kutafuta mtu mpya, mgeukie uliyekaa naye benchi moja, umwulize amekula nini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na nyingine aanze.