Siku Chui Alipodai Ngowa Amerudi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo kale, watu na wanyama walipoishi kijiji kimoja, Ngowa na Chui walikuwa marafiki. Siku moja wakagombania mzinga wa asali, na Chui akamuua Ngowa.

Wazee wakamhukumu: "Vuka mto. Usirudi mpaka Ngowa arudi."

Walimaanisha asirudi kamwe. Chui akakaa ng'ambo peke yake, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mwaka wa nne, binti ya Ngowa akajifungua mwana. Desturi ya kwao, mjukuu hupewa jina la babu yake. Mbodze, mjane wa Ngowa, akampakata mtoto na kucheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mume wangu huyu! Mbona umerudi huna hata jino?"

Kijiji kikapiga vigelegele: "Ngowa amerudi! Ngowa amerudi! Ngowa amerudi!"

Kelele zikavuka mto. Chui akasikia. Akangoja mtoto ajue kusema, asije akaambiwa kwamba shahidi wake ni bubu. Kisha akavuka, jua la utosi, akasimama mlangoni kwa Mbodze. Wazee wakaja mbio.

"Umefuata nini?" Mbodze akauliza.

"Nimefuata hukumu yangu, shemeji. Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Ngowa."

"Kigoda alichokalia ni cha nani?"

"Cha Ngowa."

"Na wewe humwitaje?"

Mbodze akamvuta mtoto karibu. Mtoto akajibu kwa furaha, "Bibi huniita mume wangu!"

"Basi," akasema Chui, "Ngowa huyu hapa. Mimi nimemuua nani? Tena meno yaliyomng'ata yameshang'oka. Hata mimi si yule."

"Kama wewe si yule," Mbodze akamjibu, "umekuja kudai hukumu ya nani?"

Wazee wakacheka. Chui hakucheka.

"Haya, mimi ni yule. Na yeye je? Sema, shemeji. Ngowa yupo, au hayupo?"

Akisema yupo, damu ya mumewe itakuwa kama haikumwagika. Akisema hayupo, atamzika mara ya pili, kwa kinywa chake mwenyewe.

Akamwinamia mtoto. "Mume wangu, mimi na wewe tulikutana wapi?"

"Hapa jikoni."

Mbodze akafunika uso. Siku ile ya kwanza, Ngowa mumewe alimkuta kisimani, analilia mtungi uliovunjika.

"Huyu si Ngowa," akasema. "Ngowa ulimuua. Rudi ng'ambo."

Chui akarudi. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mtoto akamvuta kanga. "Bibi, kama mimi si Ngowa, mimi ni nani?"

Mbodze akampakata. Jina alilolikana mbele ya wazee hakuweza kumrudishia.

Kesho yake wakampa jina jingine. Hakuitika. Wakampa la pili. Hakuitika. Wakampa la tatu. Akakua, akaota ndevu, akazeeka, haitiki. Na kijiji kile hakikumpa tena mtoto jina la marehemu. Wafu wao wakawa wamekufa kweli.

Hapa ndipo hadithi yangu inaponiishia. Ningejua jina la kumwita yule mtoto, ningeendelea.