Tembo Alivyocheza Ngoma Kinamasini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapiga pasi za mkaa na kugombania kibatari, palikuwa na nchi iitwayo Mafunjoni. Katikati yake palikuwa na kinamasi kikubwa kilichojaa matete, na ndani ya matete hayo aliishi Bi Nguchiro na wanawe. Mnamjua nguchiro, watoto? Mnyama mdogo, mrefu mrefu, pua mbele, na mdomo hauna breki.

Kiangazi kimoja Bi Nguchiro alikuwa akianika nguo za wanawe, mara akasikia ardhi inatetemeka. Ti! Ti! Ti! Kutazama, kumbe ni Bwana Tembo, tajiri wa nchi nzima, na nyuma yake Fundi Kifaru na kamba ya kupimia.

"Hodi hapa!" alinguruma Tembo.

"Karibuni. Mbona mnapima mbele ya mlango wangu?"

"Tunajenga mtambo wa umeme," alijibu Tembo akijipiga kifua. "Kila nyumba itawaka taa! Na hapa ndipo penyewe. Tambarare, hapana jiwe, hapana kisiki, na pamekauka vizuri."

Bi Nguchiro aliacha kuanika. Umeme aliutaka, nani asiyeutaka? Wanawe walikuwa wakikohoa kila siku kwa moshi wa kibatari. Lakini hapa? Juu ya nyumba yake?

"Bwana Tembo, pamekauka juu tu," alisema. "Chini kuna maji, tena ndiyo hayohayo yanayokwenda kwenye visima vyenu. Na masika yakija, kinamasi hiki ndicho kinachoyapokea mafuriko yasifike majumbani. Nakuombeni, jengeni pale Kilima cha Kokoto."

"Kwa! Kwa! Kwa!" alicheka Fundi Kifaru. "Eti mwenye miguu kama njiti za kiberiti anatufundisha ujenzi! Kesho tunachukua kibali. Wewe funga virago."

Wakaondoka. Bi Nguchiro akakaa chini akalia kweli kweli, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Alipomaliza kulia akapenga kamasi, akasema, "Alaa! Masikio makubwa vile, na hayasikii! Haya, basi watasikia kwa miguu."

Sasa sikilizeni. Mafunjoni kulikuwa na mila moja. Anayetaka kiwanja lazima acheze ngoma juu ya kiwanja hicho mbele ya watu wote. Vumbi likitimka mpaka mwisho wa ngoma, anapewa kibali. Lisipotimka, anarudi kwao. Waliotunga mila hiyo walikuwa na akili zao, lakini waliokuja baadaye walisahau sababu. Wakubwa ndio kabisa, hawakucheza tena. Walimpelekea debe la asali Bi Korongo, mtoa vibali, na kibali kikatoka.

Kesho yake watu walijaa ukingoni mwa kinamasi. Bi Korongo, midomo inanata asali, akainua muhuri. Kabla hajaugonga, ngoma ikalia kutoka kwenye matete. Du-du! Du-du! Akatokea Bi Nguchiro, kanga kiunoni, ngoma kwapani.

"Kha!" alifoka Kifaru. "Wewe hujahama tu?"

"Nahama, fundi wangu, nahama! Nimekuja kumpigia Bwana Tembo ngoma ya kiwanja. Au ameshacheza?"

Bi Korongo akajifuta mdomo haraka haraka. "Aa, unajua, Bwana Tembo ana shughuli nyingi…"

"Hee! Aibu gani hii!" Bi Nguchiro akashika kichwa. "Tajiri mzima, watu waseme alipewa kiwanja bila kucheza? Waseme magoti yamezeeka?"

"Nani magoti yamezeeka?" aliuliza Tembo.

"Si mimi nisemaye, bwana. Hebu tazama, mbona kazi yenyewe ndogo!" Akaruka katikati ya kinamasi, akacheza, chaka-chaka, chaka-chaka, na kweli vumbi likatimka, fuu! "Kama mimi kipande cha mnyama nimetoa vumbi hili, wewe si utaziba jua?"

Watu wakapiga vigelegele. Tembo akavua koti, akamkabidhi Kifaru, akaingia uwanjani akitikisa mabega.

Du-du! Du-du! Tembo akakanyaga, ti! Vumbi. Akakanyaga, ti! Vumbi. "Mnaona?" alipiga kelele. "Pamekauka!" Bi Nguchiro akazidisha ngoma. Tembo naye akapandwa na mori, akaruka juu kwa miguu yote.

Bwataaa!

Udongo mkavu ukapasuka, Tembo akazama mpaka tumboni.

"Fundi! Nivute!"

Kifaru akakimbia kumwokoa. Bwata! Naye akazama mpaka mashavuni, imebaki pembe na macho mawili yanapepesa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko hakijaisha, akafika Mama Tembo mbio, ndoo mkononi. "Nani kachafua kisima changu? Nimeteka maji, yanatoka tope tupu kama uji!" Akamwona mumewe. "Baba Watoto! Unafanya nini humo?"

Tembo akatazama tope lililomzunguka, kisha akatazama ndoo. Kwa mara ya kwanza masikio yake yakasimama.

"Bwana Tembo," alisema Bi Nguchiro taratibu, ngoma ameiweka chini, "wewe umecheza kidogo tu, na kisima cha nyumbani kwako kimeharibika. Huo mtambo ni mzito kuliko wewe, na ungekaa hapa siku zote. Mngekunywa nini?"

"Ulijua nitazama!"

"Nilijua, na nilikuambia. Fundi wako akacheka."

Tembo akainua mkonga. "Nitoe, Bi Nguchiro. Mtambo nitaupeleka Kilima cha Kokoto, mbele ya watu wote hawa naahidi."

Basi watu wakakata matete makavu, wakayatandika juu ya tope, wakasuka kamba za mafunjo, wakavuta. Haya! Haya! Pwaaa! Tembo akatoka, kisha Kifaru, wote rangi moja.

Bi Korongo alitaka kugonga muhuri wa kilima pale pale. "Thubutu!" alisema Mama Tembo. "Kwanza acheze." Wakapanda wote Kilima cha Kokoto, Tembo akacheza na tope lake, na vumbi lililotimka huko liliwapigisha chafya mpaka jioni.

Umeme ukaja. Kibatari kikatupwa, kikohozi kikaisha, na masika yalipofika kinamasi kikayanywa maji yote kama kawaida yake. Bi Nguchiro alipewa kazi ya kupiga ngoma ya viwanja, na tangu siku hiyo mkubwa na mdogo wote wanacheza.

Basi wanangu, kabla ya kujenga mahali, msikilize kwanza anayeishi hapo. Hadithi yangu naitua hapa, na anayetaka kuibeba ajitwike.