Jina Moja Kwenye Kava

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya kaseti, redio ya mji wa Kitopeni ilikuwa na kaseti chache kuliko nyimbo. Basi kila mwisho wa mwaka zilihesabiwa kadi za salamu, zile ambazo wasikilizaji hutuma kusalimia ndugu na kuchagua wimbo. Wimbo wenye kadi nyingi uliwekwa kabatini, usifutwe kamwe. Nyingine zote zilirekodiwa vitu vipya juu yake, hata ziwe kipenzi cha nani. Na kwenye kava la ule uliobaki liliandikwa jina moja, la mtu wa kushukuriwa kwa wimbo huo, likatajwa kila ulipopigwa. Moja tu, ndiyo desturi.

Mtangazaji wa salamu alikuwa Zamda, mjane asiyeogopa kitu isipokuwa paka.

Mwaka huo wachuuzi wa sokoni waliambiwa wahame, wapishe maduka ya wakubwa. Havijawa, muuza vitumbua, aliambiwa anyamaze. Hakunyamaza, akatunga wimbo, "Sitoki". Lakini moshi ulikuwa umemla sauti, akampa Mwanakombo, mwimbaji wa bendi. Mwanakombo aliambiwa na kiongozi wake, "Ukiimba huo, usirudi." Akaimba, hakurudi. Zamda aliambiwa na mkuu wa redio, "Usiupige." Akaupiga mara mbili, ya pili kwa makusudi. Akanyang'anywa maikrofoni, akawekwa kupokea barua.

Kumbe kwenye barua ndiko kwenye mambo. Kila nyumba ilikuwa na kipenzi chake, hawa rumba, wale taarab, lakini kadi zilipohesabiwa "Sitoki" ulikuwa na mia sita na kumi na mbili. Uliofuata ulikuwa na tisini.

"Hizo hazihesabiwi," mkuu akasema. "Kesho kaseti hiyo naitia matangazo ya vifo."

Zamda akaichukua mchana kweupe, akaenda kuinakili nyumbani, maana ya redio lazima ingetafutwa. Dukani kaseti tupu hazikuwapo. Nyumbani ilikuwapo moja, nayo haikuwa tupu. Ilikuwa na gitaa la Shebe, marehemu mumewe, wimbo aliomtungia yeye na ambao haukupata kusikika redioni. Hicho ndicho kilichokuwa kipenzi chake, cha mwaka huo na cha miaka yote. Aliusikiliza mara moja. Kisha akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akalia mpaka "Sitoki" ukaisha.

Kesho yake Zamda akairudisha kaseti ya redio, mkuu akaifuta kwa mkono wake, akaridhika.

Siku ya mwisho ya mwaka wanawake wa sokoni wakaja na majiko, wakakaa mlangoni kwa redio. "Hatutoki mpaka "Sitoki" uwekwe kabatini," wakasema, wakakaanga vitumbua hapohapo. Zamda akaitoa nakala yake, na kufika alasiri mkuu akafungua kabati, macho mekundu kwa moshi.

"Wekeni. Lakini jina ni moja."

Havijawa akasema, "Andika langu. Bila maneno yangu mngeimba nini?"

Mwanakombo akasema, "Maneno yako yangeishia jikoni, dada. Mimi ndiye niliyeyatia roho, na leo sina bendi. Andika langu."

Wakamgeukia Zamda, aliyeshika kalamu.

"Langu silitaki," akasema. "Naandika la Shebe."

"Shebe hakutunga neno," Havijawa akasema.

"Hakutunga."

"Wala hakuimba," akasema Mwanakombo. "Alikufa kabla wimbo haujazaliwa."

"Najua alikufa lini, nilimzika mimi. Lakini sikilizeni kaseti mpaka mwisho. 'Sitoki' ukimalizika, kuna gitaa kidogo limebaki. Hicho ndicho kilichosalia cha mume wangu duniani, nanyi mmelala juu yake. Jina hili msiponipa, narudi na kaseti yangu nyumbani."

Hakuna aliyerudi nyuma, si wa vitumbua, si wa bendi, si wa kalamu. Mkuu anatazama saa, mwaka unakwisha, kabati li wazi.

Haya, nanyi mlionyamaza kama wakwe kwenye posa, semeni. Kava lina mstari mmoja. Je, liandikwe jina la nani?