Chini ya Matandazo

Wahenga waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame walitaka tujue kuwa kitu cha thamani hakimfuati mtu aliyesimama wima. Yeye ndiye hukifuata kilipo, hata kama ni mahali pa giza na vumbi. Jambo moja hawakulisema: kwamba kuinama kunauma kiuno, na wakati mwingine kunauma nafsi kuliko kiuno. Shamsa Jamali aliyaonja maumivu yote mawili.

Shamsa alizaliwa na kukulia Bukoba mjini, na alikuwa akimalizia shahada ya uzamili katika sayansi ya kilimo. Utafiti wake ulihusu mnyauko, ule ugonjwa unaoivisha ndizi kabla ya wakati na kuziozesha ndani. Aliwafundisha wakulima wa Nshamba na Kagoma, wilayani Muleba, kubabua panga kwenye moto kila wanapomaliza kukata mgomba mmoja kabla ya kwenda kwa mwingine, kisha akawa anarudi kuhesabu migomba iliyougua. Matokeo yalipendeza kama bibi harusi. Katika vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya waliofundishwa, mnyauko ulikuwa karibu umetoweka.

Kongamano la wanasayansi lilikuwa linakaribia, tena safari hii mjini Bukoba kwenyewe. Mwanafunzi ambaye wasilisho lake lingeshinda angepata nafasi ya kusomea uzamivu. Shamsa hakuwa na njia nyingine ya kuendelea na masomo, na aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Mama yake, Bi Hafidha, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ameshinda, akawaacha majaji wabaki na kazi ndogo tu ya kuthibitisha.

Zilibaki picha chache za kupamba slaidi. Shamsa alimwambia Mama Kokwijuka wa Nshamba kwamba angefika Alhamisi, lakini akapata usafiri Jumatano, naye akaona haina haja ya kumsumbua mwenyeji kwa simu. Alimkuta mama huyo nyuma ya nyumba, jasho linamtiririka, akivuta mgomba uliokatwa usawa wa ardhi kuupeleka shimoni. Ndani ya shimo mlikuwa na mingine, majani yake yamenyauka na utomvu wa manjano ukichuruzika kwenye mashina. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa pale ilipokuwa imesimama.

"Waitu, si ulisema kesho?" Mama Kokwijuka aliuliza kwa haya, akijifuta mikono kwenye kanga. "Umenikuta sijamaliza kusafisha."

"Shikamoo mama. Unasafisha nini?"

"Marahaba. Kibanja, mwanangu. Mgeni haonyeshwi mgomba mgonjwa. Kibanja ndiyo sura ya nyumba. Nikikipokelea wageni kikiwa hivi, watasema mwenyewe ni mvivu. Sote tunafanya hivyo ukituambia unakuja."

Sote. Neno hilo lilimwingia Shamsa kama maji ya barafu mgongoni. Kila mara alikuwa amepiga simu kwanza, kama binti mwenye adabu, kisha akapita kwenye njia za kibanja ameshika simu yake, akihesabu migomba iliyosimama. Iliyolala shimoni hakuihesabu. Kumbe alikuwa akipima ukarimu wa Wahaya, akidhani anapima ugonjwa. Alirudi mjini na hasira, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe.

Najibu, mwanafunzi mwenzake ambaye naye angewasilisha, alimshauri anyamaze. Majaji wangeona grafu, alisema, wasingekwenda kuchungulia mashimo ya watu. Dakta Haruni, msimamizi wake, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba anaweza kujitoa bila aibu yoyote, au anaweza kuanza upya, ingawa muda ulikuwa umebana. Shamsa alijibu kwamba hajitoi.

Akarudi Muleba. Alijua sasa kwamba ukweli umelala chini ya matandazo, kwani kila mgomba ulioondolewa kwa ugonjwa ulikuwa umeacha kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi na kufunikwa nyasi. Lakini kumfunulia mtu matandazo yake ni sawa na kumfunulia shuka za kitanda. Wengi walisita. Basi Shamsa, aliyezoea kusalimia akiwa amesimama, alipiga magoti mlangoni kwa kila mwenyeji kama mabinti wa huko wafanyavyo, akaeleza kwamba kosa ni lake: hakuwaambia mapema kuwa mgomba mgonjwa haumwaibishi mwenye kibanja, wala hakuwauliza wanachofanya kabla hajafika.

Mzee Aroni wa Kagoma alimkatalia kabisa. Alirudi, akakataliwa tena. Siku nyingine akamkuta mzee anatandaza nyasi, naye akabeba mafungu pamoja naye bila kutaja visiki. Kazi ilipokwisha, mzee alimwambia, "Haya, funua. Lakini unavyofunua, ufunike."

Akafunua akafunika, kibanja baada ya kibanja, matope magotini na mvua mgongoni. Kila kisiki alimwuliza mwenyeji kama kilikatwa kwa ugonjwa au kwa mavuno. Jioni kiuno kilikataa kunyooka, na kulipokucha aliinama tena. Alipomaliza kujumlisha, ule ushindi mkubwa ulikuwa umenywea. Kubabua panga kulisaidia kweli, ila kwa kiasi cha wastani tu. Alilia kidogo, akanawa uso, akaketi kuandika.

Siku ya kongamano, Najibu alitangulia, grafu zake zikang'aa na makofi yakamfuata. Shamsa aliposimama, alionyesha grafu ya kwanza, ile nzuri, halafu akasema kwamba si ya kweli. Minong'ono ikaenea ukumbini. Kisha akaonyesha ya pili na kueleza habari za mashimo, nyasi na visiki.

Profesa Judica, kiongozi wa majaji, alivua miwani. "Hii ya kwanza ungeweza kuificha. Kwa nini umetuonyesha?"

Shamsa alimtazama. "Kwa sababu, Profesa, sisi sote humu tunatembelea vibanja kwa miadi."

Mtafiti mmoja mwenye mvi aliinamisha macho kwenye karatasi zake mwenyewe. Najibu alikohoa. Profesa Judica alivaa tena miwani, akaandika kwa muda mrefu.

Matokeo yalipotangazwa jioni, jina la Shamsa ndilo lililosomwa. Profesa alisema kwamba mwenye matokeo makubwa wamemsikia, ila waliyekuwa wakimtafuta ni mtu anayejua matokeo yake yametoka wapi, na kwamba nafasi ya uzamivu ni yake. Shamsa alisimama kuifuata zawadi, taratibu, maana mgongo ulikuwa bado haujapona. Aliwaza jinsi alivyopita wima katika vibanja vile akaondoka na uzuri wa bure, ilhali alichokuwa akikitafuta kilikuwa chini ya miguu yake. Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.