Kwa Nini Sitaha ya Meli ya Ndege Imekaa Mshazari

Sogeeni karibu, niwarudishe kwenye zama ambazo meli zinazobeba ndege zilikuwa na sitaha iliyonyooka moja kwa moja, tezi hadi omo, yaani nyuma hadi mbele. Ndege ilitua upande wa nyuma. Zilizotangulia kutua zilipangwa mbele, matangi yana petroli, mafundi wanahangaika chini ya mabawa. Katikati ulisimamishwa wavu wa nyaya. Kulabu ya mkiani mwa ndege ilipaswa kudaka mojawapo ya kamba za chuma zilizotandazwa sitahani. Ikidaka, rubani alizima injini, akashukuru. Ikikosa, aliingia wavuni.

Katika taifa moja la visiwani, meli kubwa kuliko zote ilichorwa na mwanamke aitwaye Zuwena Makame. Aliujua kila ubavu wake. Siku moja, akiwa mnarani juu ya sitaha, aliona ndege ikishuka kasi, ikadunda, ikauruka wavu na kuangukia waliokuwa mbele. Moto ulizimwa baada ya saa nzima. Watu kumi na mmoja walikufa, na Zuwena alikuwa akiwafahamu wote kwa majina.

Jemadari Mshamu, mkuu wa majeshi ya bahari, aliamuru wavu uongezwe urefu.

"Ndege za sasa ni nzito, afande," Zuwena alimwambia. "Hakuna wavu utakaozizuia. Rubani akikosa kamba, hana pa kwenda."

"Basi mpatie pa kwenda," jemadari alijibu kwa ukali, akaondoka.

Zuwena hakulala vizuri wiki ile. Alizunguka sitahani akipima kwa hatua, hadi asubuhi moja mdogo wake Khatibu, rubani wa meli hiyo hiyo, alipomkuta akifunga kamba ndefu kutoka tezi, upande wa kulia, kwenda ukingo wa kushoto karibu na omo.

"Dada, kamba hii inaelekea majini."

"Ndiyo. Ndege zilizoegeshwa zitabaki huku kulia. Wewe utatua kwa kufuata kamba. Ukikosa kudaka, mbele yako pana bahari tupu."

"Na nikigusa sitaha?"

"Tia moto wote, injini ivute kwa nguvu zake zote. Usingoje kujua kama umedaka."

Khatibu aliitazama kamba. "Miaka yote tumefundishwa kuzima."

"Najua. Naweza kumwomba mwingine."

"Hapana," alisema. "Nitakuja mimi."

Mstari ulichorwa kwa chokaa, kamba za kudakia zikageuzwa zilale kukatiza mstari huo, na wavu ukaondolewa. Jemadari alikubali jaribio moja tu. Alisimama mnarani kando ya Zuwena. Chini yao, mafundi waliokuwa karibu na ndege walitazama kule wavu ulikokuwa, wengine wakirudi nyuma taratibu.

Khatibu akaja. Bahari ilikuwa imechafuka, tezi ikipanda na kushuka. Magurudumu yakagonga sitaha; kulabu ikaruka kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote. Mafundi wakajitupa chini. Zuwena alisikia injini ikinguruma kwa nguvu, ndege ikapita kando yao, ikafika ukingoni, ikazama chini ya sitaha na kupotea machoni.

Jemadari akavua kofia. Zuwena alishika chuma cha dirisha. Akaikumbuka sauti ya mdogo wake ikisema nitakuja mimi, akatamani angemkatalia.

Kisha mngurumo ukarudi. Ndege iliinuka mbele ya omo, tumbo linachuruzika maji, ikapanda, ikazunguka. Safari ya pili kulabu ilidaka kamba ya tatu, ndege ikasimama hatua chache kabla ya ukingo.

Zuwena alishuka ngazi mbio. Khatibu alikuwa ameketi sitahani.

"Mkono ulitaka kuzima," alisema. "Niliukatalia."

Zuwena alikaa kando yake, akalia mbele ya mabaharia wote. Jemadari alipofika, alisema tu, "Chora meli nyingine."

Na tangu siku hiyo sitaha za meli kubwa za ndege hukaa mshazari, ukingo wa kushoto umetokeza juu ya maji. Na tangu siku hiyo rubani anayetua juu yake, akigusa sitaha tu, hutia moto wote, akiwa tayari kuondoka kabla hajajua kama amefika.