Gari Jekundu la Kiboko na Turubai la Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo wanyama walishapata barabara ya lami lakini akili ya kuitumia ilikuwa bado iko njiani, Kiboko alifungua duka la magari kando ya mto. Duka lilikuwa la vioo vitupu, na ndani mlikuwa na gari moja tu, jekundu, la mbio. Kiwanda kilitengeneza machache kisha kikaacha, na hilo ndilo lilikuwa la mwisho.

Sasa Pimbi, huyu mdogo asiye na mkia, aliyeishi kwenye miamba juu ya barabara, alilipenda gari lile hadi usingizi ukampaa. Si kwa majivuno. Aliupenda mlio wake, ngurrr, na alitamani alipandishe mlimani japo mara moja, angali na macho ya kuona kona. Mkewe alimkumbusha kwamba miguu yake haifiki kwenye breki. Pimbi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Akauza shamba lake la viazi, akateremka dukani.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nimekuja kununua lile jekundu. Fedha hizi hapa."

Kiboko hakuzitazama fedha. Alimtazama Pimbi mwenyewe, kuanzia masikio mpaka pale ambapo mkia ungekuwa.

"Bwana mdogo, gari hili haliuzwi kwa mwenye fedha. Linauzwa kwa anayestahili. Wewe umewahi kununua nini kwangu?"

Pimbi akakiri kwamba hajawahi. Kiboko akamweleza, huku anauma huku anapuliza, kwamba mteja huanzia chini, mpaka duka limfahamu. Basi Pimbi, mkaa mwamba mkavu, akanunua pampu ya maji. Aliporudi akaambiwa vizuri sana, sura yako tumeanza kuizoea. Akanunua tela lililopungukiwa gurudumu. Kisha akanunua turubai la kufunika lori, na lori hana. Kila alipouliza gari atalipata lini, jibu lilikuwa lile lile.

"Anayestahili haulizi," Kiboko alisema. "Hagusi, hafunui, hajaribu. Anashukuru."

Siku moja akasikia kwamba gari anapewa Nyati. Nyati! Ambaye ana mengine ya namna hiyo zizini, kayafunika, hayajui hata vumbi linafananaje. Huingia kuyanusa tu, kisha hutoka amevimba kichwa. Likiingia zizini mle, halitaunguruma tena maisha.

Pimbi alikasirika mpaka meno yakagongana. Akaketi barazani akiikodolea macho pampu.

"Nimenunua takataka za duka zima," akamwambia mkewe, "ili nipewe ruhusa ya kutamani."

Mkewe akacheka, akasema basi na yeye aiuze hiyo ruhusa, maana yaonekana ndiyo bidhaa yenye faida. Pimbi akainuka, akachukua turubai.

Mbele ya nyumba yao palikuwa na jiwe kubwa ambapo ukoo wote wa Pimbi huota jua asubuhi na, mnisamehe wanangu, hujisaidia papo hapo. Akalifunika lote, akazungusha kamba, akavaa koti lake la harusi, akaketi mbele yake. Mtaniuliza, je, hakuna aliyelijua jiwe lile? Nani aliyewahi kutazama kwa Pimbi?

Wapita njia wakaomba kuona. Akawaomba radhi, akasema si kwa kila mtu. Nyati naye akaja, akakataliwa, akaondoka akiapa kurudi jioni. Kiboko aliposikia kwamba Nyati kanyimwa kitu, makalio yakakataa kiti. Akaupanda mlima akihema.

"Ni kitu gani hicho?"

"Kipo kimoja tu, mzee. Hakinywi petroli hata tone. Hakijawahi kupata ajali, na hakuna mwizi aliyewahi kukisogeza."

Na yote hayo, wanangu, yalikuwa kweli tupu. Kiboko akasema anakinunua sasa hivi.

"Mzee wangu," Pimbi akauliza kwa upole, "umewahi kununua nini kwangu?"

Basi Kiboko, ambaye hulala ndani ya mto, akanunua pampu ya maji. Akalinunua na lile tela alilouza mwenyewe, gurudumu bado halipo. Kisha akasihi aruhusiwe kufunua pembe moja tu ya turubai.

"Anayestahili haulizi wala hafunui. Anashukuru. Ila Nyati alisema atarudi jioni."

Kusikia jina la Nyati, Kiboko akatoa funguo za gari jekundu, akazitia mwenyewe mkononi mwa Pimbi. Na akashukuru.

Pimbi na mkewe wakateremka mbio hadi dukani. Pimbi akasimama juu ya kiti ashike usukani, mkewe akachuchumaa chini kukanyaga mafuta na breki, akigomba kwamba haambiwi kona mapema. Ngurrr! Gari likaupanda mlima, likapata tope lake la kwanza tangu kuundwa, na Pimbi akalia kwa furaha bila haya.

Huku nyuma, Kiboko akavuta turubai. Jiwe, na harufu ya ukoo mzima. Akapanua lile domo lake apige ukelele, mara akamwona Nyati anakuja, akiuliza kwa mbali kama ni kweli kitu kile kimeshapata mwenyewe.

Kiboko akafumba domo. Polepole akalirudisha turubai, akakaza kamba.

"Hiki hakiuzwi kwa kila mtu," akasema. "Kwanza, Nyati, wewe unayo pampu ya maji?"

Nami naishia hapo hapo kwenye kamba: atamaniye kitu kwa kuwa amenyimwa, atauziwa hata jiwe.